Mwalimu wa Ng'ambo ya Mto

Lubayan,
12 Februari 1994

Kwako Baba Tagakay,

Pokea salamu zangu na za wote waliobaki nyumbani kwa marehemu baba. Sisi hatujambo, isipokuwa shangazi Ubbay ambaye goti linamuuma kila mvua inapokaribia, na mvua yenyewe haiji. Nataka kujua hali ya kifua chako. Mwalimu Pinnay, anayenibebea barua hii, ameniambia kuwa bado unakohoa na bado unavuta tumbaku, na ukiulizwa unasema mambo hayo mawili hayajuani.

Baba, mimi ni Gannaya, binti mkubwa wa Lumbaya. Huenda unanikumbuka kwenye mazishi yake, ndiye niliyekukanyaga mguu. Wazee wameamua kwamba agano letu na kijiji chako, hiyo bodong ambayo baba aliishika upande huu nawe ukaishika upande huo, sasa niishike mimi kwa kuwa ndiye mtoto wa kwanza. Mkuki uliompa baba siku mlipofunga agano unaning'inia ukutani hivi ninavyoandika. Ule aliokupa yeye najua uko kwako.

Tatizo ni kwamba baba hakunifundisha kitu. Kila nilipomuuliza alisema, "Utaona." Nami nilikuwa mjini Baguio miaka yote hiyo nikiuza mboga, sikuona. Nimewauliza wazee wa hapa. Mmoja anasema kazi ya mwenye agano ni kusema, wa pili anasema ni kunyamaza, wa tatu anauliza kama kuna kahawa. Mdogo wangu Dangpas anasema hili ni jambo la wanaume, nimwachie yeye.

Ndipo nikafikiri: nani anaijua kazi hii kuliko anayeishika upande wa pili? Kwa hiyo nakuuliza wewe. Mwenye agano akiamka asubuhi anafanya nini? Ni kazi ya kila siku, au ni ya siku ya balaa tu? Na kuna anayejua kwamba anaifanya vizuri, au watu hujua tu ikiharibika? Kuuliza si ujinga, ingawa Dangpas anasema kwangu mimi ni ujinga.

Mwanao,
Gannaya


Dannog,
20 Februari 1994

Mwanangu Gannaya,

Salamu zimefika, na kikohozi kinakusalimu. Mama yako wa huku hajambo. Mpunga umestawi, na panya nao wamestawi.

Nilicheka kusoma barua yako mpaka mke wangu akauliza nani amekufa, maana siku hizi nikicheka anadhani nalia. Katika wenye maagano wote niliowajua milimani huku, hakuna aliyewahi kumwandikia mwenzake wa upande wa pili akamwomba amfundishe. Ni sawa na muuzaji kumuuliza mnunuzi bei.

Lakini umeuliza, na mzee akiulizwa hanyamazi. Ukiamka unawasha moto. Ukisikia mtu wa Dannog ameingia Lubayan, awe amekuja kuuza maharage au kutafuta mchumba, aje kwako kwanza anywe maji. Akishakunywa maji yako ni wako. Akiibiwa kofia, umeibiwa wewe. Akitukanwa, umetukanwa wewe. Baba yako aliwajua watu wangu kwa majina mpaka watoto wa mgongoni, na alijua nani hapatani na nani na kwa nini. Anzia hapo. Wewe unawajua wangapi?

Na jambo jingine. Nakupenda kama nilivyompenda baba yako, lakini usisahau kwamba nimekaa ng'ambo. Kila ninachokupa kinuse kabla hujala.

Baba yako wa ng'ambo,
Tagakay


Lubayan,
3 Machi 1994

Kwako Baba Tagakay,

Salamu kwako na kwa mama. Sisi wazima. Goti la shangazi lilisema kweli, mvua imenyesha.

Nilikuwa najua watu wa Dannog kumi na mmoja, nikaona haya. Sasa nawajua wengi, kwa sababu habari zimeenea huko kwenu kwamba nyumbani kwa Gannaya maji yanafuatana na kahawa. Bibi Annaw alikuja kunywa maji asubuhi, akarudi mchana, akarudi jioni. Nilimuuliza, "Bibi, leo umevuka daraja mara ngapi?" Akanijibu, "Mjukuu wangu, agano linataka kutunzwa." Dangpas alicheka mpaka akatoka nje. Ni siku ya kwanza tangu mazishi nimemwona anacheka humu ndani.

Nina maswali, usichoke. Kwa nini watu wako wakiingia hutazama kwanza ukutani, hata kabla hawajanisalimu? Nikikuta mtu wako na mtu wangu wanabishana sokoni, niingie kati au nipite? Na baba alikuwa anakosea? Nataka sana kujua alikosea wapi, maana hapa wanamsifu tu, na mtu hajifunzi kwa sifa.

La mwisho ndilo linaloninyima raha. Wazee wamenisomea sheria za agano: mtu wa upande mmoja akimdhuru mtu wa upande wa pili, "mwenye agano atamshughulikia mtu wake." Basi, imeishia hapo. Atamshughulikia vipi? Nani anaanza kusema? Nikuandikie? Nikungoje?

Mwanao,
Gannaya


Dannog,
15 Machi 1994

Mwanangu,

Huku ni salama. Kifua kimetulia, kwa hiyo mke wangu amepata nafasi ya kulalamikia masikio yangu.

Wanatazama ukutani kuona kama mkuki wangu bado upo kwako. Ukiwepo, wanakaa. Ubishi wa sokoni upite, lakini pita polepole wakuone. Na baba yako alikosea sana. Alikuwa anaahidi haraka. Mtu akilia mbele yake aliahidi kabla machozi hayajafika kidevuni, kisha alikuja kwangu kuniuliza tutaitimizaje ile ahadi. Nami nilikuwa nakosea kwa kumkubalia.

Hilo la mwisho sikufundishi. Usinune. Siku hiyo ikifika, mimi ndiye nitakayekuwa nimekaa na waliodhurika, na anayedai hamfundishi anayedaiwa namna ya kulipa. Nitakuambia tu kitakachotokea likiharibika. Wazee wangu watanituma nirudishe mkuki wa baba yako, na ukishafika mlangoni kwako hakuna tena agano. Watoto wetu hawatavuka daraja kwenda shule kwa mwalimu Pinnay. Watu wako hawatapita kwangu kwenda sokoni. Shangazi zako walioolewa huku watachagua ng'ambo ya kukaa. Na vijana wataanza kutembea wawiliwawili, wenye hasira nyuma ya wenye hofu.

Omba lisikufike. Likikufika, mimi si mwalimu wako tena mpaka liishe.

Baba yako,
Tagakay


Lubayan,
24 Aprili 1994

Kwako Baba Tagakay,

Salamu. Hali zenu nazijua, na aibu inanizuia kuziuliza.

Utakuwa umesikia kwa midomo mingi, sikia na wangu. Kwenye arusi ya juzi gongo za shaba zilikuwa zinapigwa, na watu wako walikuja wengi, wote walikunywa maji kwangu. Dangpas alikuwa amelewa pombe ya miwa. Akamwambia Ollit, mtoto wa dada yako, "Ninyi Dannog mnapiga gongo kama mnakung'uta mikeka." Watu wakacheka. Ollit naye akajibu, "Sawa, lakini kwetu agano linashikwa na wanaume." Wakacheka zaidi. Mimi pia nilicheka, Baba. Sikumtazama mdogo wangu usoni. Dangpas akachomoa panga, na Ollit akainua mkono kujikinga.

Vidole viwili vya mkono wa kulia vimekwenda. Unajua.

Jana nilimtumia mama yake kapu: mchele mpya, kuku wawili na kahawa. Sijapata jibu. Nimefanya vibaya? Niambie nianzie wapi. Najua ulisema hutanifundisha, lakini nani mwingine nimuulize?

Mwanao,
Gannaya


Lubayan,
2 Mei 1994

Baba Tagakay,

Natumaini mu wazima, na Ollit anapata nafuu.

Kapu langu limerudi. Lilikutwa limetundikwa kwenye nguzo ya daraja upande wetu, kuku wakiwa hai ndani, mchele haujaguswa. Nililileta nyumbani sielewi. Shangazi Ubbay alipoliona akaketi chini.

"Umewapelekea chakula?" akaniuliza.

"Nimewapelekea pole."

"Gannaya! Watu waliotiana damu wanakula pamoja jambo likiisha. Wewe umemwambia yule mama, kula, tumemaliza. Vidole vya mwanawe bado havijakauka, wewe umeshafika kwenye karamu!"

Nilikuwa nimeanzia mwisho. Baguio mtu akifiwa au akiumia unampelekea chakula, nikasahau niko wapi. Nimelia, lakini kilio hakirudishi kapu nyuma.

Shuleni madawati ya watoto wa Dannog yako matupu. Mwalimu Pinnay anasema ataendelea kubeba barua kwa sababu yeye ni mtu wa kwingine, ila amechoka kufundisha nusu ya darasa. Wazee wa hapa wanasema tungoje wajumbe wenu waje kutaja wanachotaka, ndipo tubishane nao. Wanasema anayeanza kutoa hutoa zaidi. Dangpas amejifungia ndani hasemi. Nikimpelekea chakula anageukia ukuta.

Je, tungoje? Ama niwaambie wazee hapana? Niandikie neno moja tu, Baba. Hata "ngoja."

Gannaya


Lubayan,
9 Mei 1994

Baba Tagakay,

Salamu kwako na kwa nyumba yako yote.

Hujajibu, na nimeacha kungoja mlangoni kwa mwalimu Pinnay. Nilikukasirikia siku kadhaa. Shangazi akaniambia, "Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Ulifikiri ameumizwa nani, jirani yake? Ni mtoto wa dada yake." Nikajiona mtoto.

Barua hii haina swali. Kesho asubuhi nitavuka daraja na Dangpas. Wazee wangu wamekataa, mmoja amesema namuuza mdogo wangu. Sijaitwa na siombi ruhusa. Mkitaka kutuzuia, mtuzuie.

Gannaya


Dannog,
30 Mei 1994

Mwanangu Gannaya,

Salamu nyingi. Sasa naweza kuandika tena, kwa hiyo naandika kirefu na mke wangu ananung'unikia mafuta ya taa.

Nataka ujue yaliyokuwa huku, maana wewe ulisimama nje ya nyumba ukaona mlango tu. Asubuhi ile wazee wangu walikuwa wamekaa kwangu. Mkuki wa baba yako ulikuwa umeshushwa ukutani, umelala mapajani mwangu. Shauri lilikuwa limekatwa: nile, kisha niupeleke mlangoni kwako. Dada yangu Sukay alikuwa amekaa karibu na jiko. Nilikuwa naitazama sahani ya wali na pilipili. Mtoto akaingia akasema, "Kuna watu wa Lubayan uwanjani." Vijana wakasimama na mapanga yao. Nikasema, "Wangapi?" Akasema, "Mwanamke, na mwanaume mwenye ala tupu."

Hapo wote tukatoka. Mwanaume wa milima hii kutembea bila panga kiunoni ni afadhali atembee bila suruali. Tulimwona Dangpas na ile ala inampigapiga pajani, haina kitu. Nawe ukasema bila salamu, na ulifanya vyema, maana hakuna ambaye angeitikia:

"Huyu ndiye aliyemkata mtoto wenu. Tumenyonya ziwa moja. Sikuja kumwombea, nimekuja naye ili mnayoyasema juu yake myaseme akiwepo. Panga lake nimelichukua mbele ya kijiji chake, na hatabeba jingine mpaka Ollit aseme. Nyati wake wa kulimia ni wenu. Na kwa kuwa Ollit hawezi kushika jembe msimu huu, huyu atalima shamba la mama Sukay kabla hajagusa letu."

Shangazi yangu mzee, unamjua ulimi wake, akakuuliza, "Umeleta ndugu au umeleta kafara?"

Ukamjibu, "Bibi, nimeleta ndugu. Kafara nisingeona haya kumleta."

Nilijua watu hawakuwa wamekubali, walikuwa wanatafuta la kukataa. Kisha Ollit akasema kutoka mlangoni, mkono umefungwa vitambaa, "Mwambieni aache kunitazama mkono. Anitazame usoni." Dangpas akainua macho. Alilia kama mtoto, sote tuliona, na vijana wangu wakaanza kutazama miti. Dada yangu akasema, "Shamba langu lina mawe." Ndivyo alivyokubali. Hutapata kingine kutoka kwa Sukay.

Mkuki nimeurudisha ukutani mwenyewe.

Sasa kuhusu kunyamaza kwangu. Usidhani sikupokea barua zako. Ile ya "hata ngoja" niliijibu mara mbili, na mara zote mbili nikaitia motoni. Ningekuambia cha kutoa, kingekuwa bei yangu, na watu wako wangesema Gannaya anaongozwa kutoka Dannog. Nao wangesema kweli. Na watu wangu wangesema Tagakay amemwonea huruma aliyemkata mpwa wake. Nao pia wangesema kweli. Iliniuma kukunyamazia. Nilikuwa nakaa barazani nikimwona mwalimu Pinnay anapita, najificha kama mtu anayedaiwa.

Mlipoondoka, yule shangazi yangu alisema, "Lumbaya angetuahidi nyati kumi tukiwa bado tunalia." Nimeona nikuandikie hilo, kwa kuwa uliwahi kuniuliza unajuaje kama unafanya vizuri.

Baba yako,
Tagakay


Lubayan,
19 Juni 1994

Kwako Baba,

Salamu kwako, kwa mama, na kwa yule bibi mwenye ulimi. Sisi wazima. Madawati shuleni yamejaa na mwalimu Pinnay analalamikia kelele, basi mambo yako sawa.

Dangpas anarudi kutoka kwenye shamba la mama Sukay na malengelenge mikononi. Anasema yule mama hasemi naye, ila jana alimwonyesha jiwe moja kwa kidole akasema, "Hilo nalo." Amefurahi mpaka ameisimulia hadithi hiyo mara nne. Mimi na yeye tunasemeshana tena, kidogokidogo. Alisema, "Dada, siku ile uwanjani nilitamani wanikate." Nikamwambia nami nilitamani hivyo kwa muda mfupi, kisha sikutamani. Hakukasirika.

Swali langu leo ni moja. Ulikuwa na mkuki mapajani na wazee wote wameshakata shauri. Kama nisingekuja, ungeupeleka kweli?

Mwanao,
Gannaya


Dannog,
6 Novemba 1994

Mwanangu Gannaya,

Salamu za mavuno. Nimechelewa kujibu swali lako la Juni kwa sababu jibu ni ndiyo, na sikujua namna ya kukuandikia. Ningeupeleka. Ningelia njia nzima, lakini ningeupeleka.

Leo nina jambo jingine, nalo ni la upande wangu. Nyati wa jirani yako Pugong, aliyepotea wiki iliyopita, hakupotea. Ameletwa huku na vijana wawili, amechinjwa, na watu wamekula. Hapa hakuna aliyesema, lakini nimewajua. Mmoja wao ni Sagaw, mjukuu wangu, yule niliyemlea mimi baada ya baba yake kufa. Jana nilikula nyama kwake nikaisifu. Leo nimejua nilikula nini.

Nimeishika kazi hii tangu wewe hujazaliwa. Nimewahi kudai mara nyingi, na kulipa kwa ajili ya makosa ya wengine. Damu yangu mwenyewe sijawahi kuisimamisha uwanjani kwa watu. Nimekaa tangu asubuhi na sijui niseme neno gani la kwanza mlangoni kwa Pugong. Mzee mzima.

Nakujua. Ukimaliza kusoma hapa utatafuta kalamu. Utataka kuniambia, Baba, usiwe na wasiwasi, Pugong ni mtu mpole, leta kitu fulani na yataisha. Usiandike. Wewe sasa umekaa na waliodhurika, kaa nao. Usinipunguzie. Kama mimi nilivyokunyamazia, nawe ninyamazie, uniache niogope kama inavyompasa mtu.

Nitavuka daraja na Sagaw asubuhi ya Jumapili.

Tagakay